Tangi la Matumbawe Nyumbani: Kulitunza na Kulipiga Picha (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Maswali haya nayapata kila wiki: kwa wageni wanaokaa sebuleni mbele ya tangi, na kwa vijana wanaonitumia picha usiku wakiuliza "hili tumbawe lina nini?" Naishi Dar es Salaam, tangi langu ni la lita 200 na lina miaka sita. Maswali nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa lingine.

## Kuanza

1. Tangi la matumbawe lina tofauti gani na tangi la samaki la kawaida?

Tumbawe ni mnyama. Ukilitazama kwa karibu utaona vijinyama vidogo vinavyoitwa polipu, kila kimoja na mdomo wake na vimikono vyake. Ndani ya nyama yao wanaishi mwani wadogo mno, zooksantela, wanaotumia mwanga kutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji sehemu kubwa ya chakula chake. Kwa hiyo taa ya tangi hili ni chakula, si pambo. Na kwa kuwa tumbawe gumu linajenga mifupa yake kwa madini yaliyomo majini, maji yenyewe lazima yapimwe na kulishwa. Katika tangi la kawaida unafuga samaki. Hapa unafuga maji, na samaki wanafuata.

2. Nianze na ukubwa gani?

Lita 150 hadi 200. Tangi dogo linavutia kwa bei, lakini kosa dogo ndani yake linakuwa msiba mara moja, maana maji machache hubadilika haraka. Kumbuka uzito: lita 200 pamoja na mawe, mchanga na kioo zinakaribia kilo 300. Usiziweke juu ya kabati la televisheni.

3. Nisubiri muda gani kabla ya kuweka samaki?

Wiki nne hadi sita kwa kawaida. Uchafu unaooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni hatari, kisha kundi la pili huigeuza kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao wanahitaji muda wa kuzaliana kwenye mawe. Pima: amonia na naitraiti zikifika sifuri na kubaki hapo, weka samaki mmoja. Anemoni, mnyama laini mwenye vimikono anayefanana na ua, asubiri zaidi, miezi sita au zaidi, kwa sababu tangi changa halijatulia, na anemoni asiyeridhika hutembea mpaka anaswe na pampu.

4. Naishi pwani. Kwa nini nisichote tu maji ya bahari?

Unaweza, na mimi huchota msimu wa kaskazi bahari inapokuwa safi. Lakini mahali na wakati ndivyo vinavyoamua. Chota mbali na ufuko, nje ya mwamba, maji yanapojaa, kwa sababu maji yanayoingia yanatoka bahari kuu. Yanapokupwa yanarudi na uchafu wa nchi kavu. Usichote karibu na mdomo wa mto, bandarini, wala siku za masika. Tumia madumu yasiyowahi kubeba mafuta wala sabuni.

Nyumbani yachuje kwa kitambaa, pima chumvi, kisha ama uyatumie siku hiyohiyo ama uyahifadhi gizani kwa wiki kadhaa, pampu ikiyazungusha, ili viumbe wadogo waliomo wafe na uchafu utulie. Kwa asiye na mashua, chumvi ya akwariamu iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa ni njia ya uhakika zaidi. Chumvi ya mezani haifai kabisa, maana haina kalsiamu wala magnesi ya kutosha.

5. Na matumbawe, naweza kuyakata mwambani?

Usiyakate. Ndani ya hifadhi kama Chumbe kule Zanzibar, au Watamu na Kisite kule Kenya, huruhusiwi kuchukua chochote. Matumbawe magumu yote yamo katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Lakini kwangu sababu kubwa ni nyingine. Miamba yetu ilipigwa vibaya na joto la mwaka 1998, na sehemu nyingine hazijarudi zilivyokuwa. Kipande kilichooteshwa kwenye tangi la mtu mwingine kimeshazoea maisha ya ndani ya kioo, kinaishi vizuri zaidi, na hakikuacha pengo baharini. Anza na hicho. Ukitaka kukamata samaki, ulizia kwanza kibali kwenye ofisi ya uvuvi ya eneo lako.

6. Wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu myeupe wapo kwetu?

Yule mashuhuri, Amphiprion ocellaris, ni wa Asia ya Kusini-Mashariki na jirani zake. Pwani yetu ina ndugu zake, wakiwemo Amphiprion allardi, na Amphiprion akallopisos mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni. Wote huzaliwa wakiwa madume. Mkubwa katika kundi huwa jike, na akifa, dume aliyemfuata hugeuka kuwa jike.

## Maji na joto

7. Nipime nini, na mara ngapi?

Kila siku: joto, kwa kutupia jicho tu. Kila wiki: chumvi na alikali (kipimo cha kabonati zilizomo majini, ambazo tumbawe hujengea mifupa; huandikwa kwa dKH). Kila wiki mbili: kalsiamu, magnesi, naitreti na fosfeti. Namba ninazozifuata ni chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, alikali dKH 8 hadi 9, kalsiamu miligramu 420 kwa lita hivi, magnesi 1,300, naitreti kati ya 2 na 10, na fosfeti chini ya 0.1 lakini isiwe sifuri, maana matumbawe nayo yanaihitaji.

Wengi hukimbizana na namba bora. Tumbawe linavumilia alikali ya 7.5 au ya 9.5. Lisilovumilia ni kupelekwa kutoka moja hadi nyingine ndani ya siku mbili. Chagua namba moja, kaa nayo.

8. Maji yanapungua kila siku. Niongeze ya chumvi?

Hapana, ongeza maji yasiyo na chumvi. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Tangi la lita 200 lenye chumvi 35 likipoteza lita 10, chumvi inapanda kukaribia 37 bila wewe kuongeza punje. Ukijazia maji ya chumvi unazidisha tatizo.

Maji hayo yasitoke moja kwa moja bombani wala kisimani. Ya bomba yana klorini na wakati mwingine shaba kutoka kwenye mabomba. Ya visima vingi vya pwani yana chumvi yake yenyewe na naitreti. Ya mvua yanayopita kwenye bati huleta vumbi na zinki. Tafuta mtambo wa RO, unaochuja maji kwa kuyasukuma kupitia utando, wenye hatua ya mwisho ya DI inayoondoa madini yaliyobaki, na upime kwa kimita cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini: kisome sifuri.

9. Joto la huku kwetu si litaua kila kitu?

Vitabu vingi vya ufugaji huu viliandikwa kwa watu wa nchi za baridi, kwa hiyo vinazungumzia hita. Sisi shida yetu ni kupoza. Lengo ni nyuzi 25 hadi 27. Mwezi wa Februari maji ya tangi langu hufika 30 saa tisa alasiri nisipofanya kitu.

Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili, hata tatu, kwa sababu maji yanayopaa yanaondoka na joto. Siku za unyevu mwingi hewani haisaidii sana. Gharama yake ni kwamba maji yanapungua haraka, kwangu hadi lita 5 kwa siku, basi rudi swali la 8. Washa taa jioni na usiku wa mapema badala ya mchana. Mashine ya kupoza maji ni nzuri lakini inakula umeme, na yenyewe inatupa joto ndani ya chumba, hivyo iweke nje ya ukuta.

10. Tumbawe langu limekuwa jeupe. Limekufa?

Si lazima. Tumbawe likipata joto kali au mwanga wa ghafla huwafukuza wale mwani wake na kupauka, lakini nyama bado ipo, inayoonekana kama kioo juu ya mfupa. Tumbawe lililokufa linabaki mfupa mtupu, na siku chache baadaye unaota mwani wa kijani. Piga picha ya karibu kabisa na uikuze: ukiona vidomo na vimikono, bado lina uhai.

Lililopauka lishushe mahali penye mwanga hafifu, angalia joto, lilishe chakula kidogo kidogo usiku, na uliache. Wanaoliua ni wale wanaolihamisha kila siku.

11. Alikali yangu inashuka kila wiki. Nifanye nini?

Ni habari njema, matumbawe yanajenga. Lita 20 za maji mapya kila wiki zinatosha tangi lenye matumbawe machache. Yakiongezeka, utahitaji kurudisha madini kila siku. Mimi hutumia maji ya chokaa: gramu 1.5 hivi za kalsiamu haidroksaidi safi kwa lita ya maji ya RO, yanayodondoka tone kwa tone usiku kucha. Yakimiminwa kwa mkupuo yanachoma, maana pH yake ni zaidi ya 12.

Chokaa ya ujenzi usiitumie. Najua inatamanisha, hasa kwetu ambako chokaa ya kale ilichomwa kutokana na mawe ya matumbawe yenyewe, na kuta za miji yetu ya mwambao zimesimama kwa hiyo. Lakini ina uchafu mwingi usioujua.

12. Kioo na mchanga vimejaa utando wa kahawia.

Tangi likiwa la wiki mbili hadi nane, ni kawaida na unapita wenyewe. Weka konokono, usiweke dawa. Utando mwekundu wenye viputo na unaoteleza kama kitambaa ni kitu kingine, ni bakteria: unyonye kwa mpira, punguza chakula, ongeza mwendo wa maji mahali ulipoota.

## Picha

13. Kwa macho tangi ni zuri, kwenye picha kila kitu ni bluu. Kwa nini?

Taa za matumbawe zimeelemea bluu kwa makusudi, maana zooksantela wanaitumia vizuri na rangi nyingi za matumbawe hunyonya bluu kisha kung'aa kijani au nyekundu. Jicho lako linajirekebisha. Kamera inajaribu, lakini mizani yake ya rangi nyeupe, yaani mpangilio unaoiambia nyeupe ni ipi chini ya taa fulani, mara nyingi inaishia 10,000K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), na tangi limevuka hapo.

Tiba ya kwanza ni taa yenyewe: punguza bluu na uongeze nyeupe kwa dakika kumi za kupiga picha. Kama haitoshi, weka kichujio cha plastiki ya rangi ya chungwa mbele ya lenzi. Mwenye kamera kubwa azamishe kipande cha plastiki nyeupe majini, akipige picha, na aifanye kuwa rejea ya rangi nyeupe. Kisha apige kwa faili ghafi (RAW), siyo JPEG, ili aweze kurekebisha baadaye.

14. Nina simu tu. Inatosha?

Inatosha. Bonyeza na ushikilie juu ya tumbawe mpaka simu ifunge fokasi na mwanga, kisha teremsha mwanga kidogo, maana simu huunguza sehemu zinazong'aa. Usikuze kwa vidole, sogea. Kichujio cha swali la 13 kinauzwa cha kubana kwenye simu. Hali ya kawaida ya simu hupiga picha kadhaa na kuzichanganya, hivyo samaki anayepita hutoka na mikia miwili. Zima hali hiyo kama simu inakuruhusu.

15. Picha hazikai kali hata nikitulia.

Karibu kila mara ni pembe. Lenzi ikitazama kioo kwa mshazari, mwanga unapinda na kila ukingo unatoka na kivuli cha rangi. Simama uso kwa uso na kioo. Tumbawe likiwa pembeni, hamisha mguu wako, usigeuze mkono. Kisha safisha kioo pande zote mbili, na uzime pampu ili chembe zitulie na polipu ziache kuyumba. Weka kengele ya dakika 10 kwenye simu. Pampu iliyosahaulika imeua matangi mengi kuliko ugonjwa.

16. Uso wangu na dirisha vinaonekana kwenye kioo.

Zima taa zote za chumba, vaa nguo nyeusi, na piga usiku. Mimi hutundika kaniki kutoka dari hadi sakafuni, nimeitoboa tundu la lenzi, nami nakaa nyuma yake. Hakuna kifaa cha duka kilichonisaidia zaidi.

17. Mipangilio gani ya kamera?

Kwa matumbawe, pampu zikiwa zimezimwa na kamera ikiwa juu ya mhimili wa miguu mitatu: f/8 (upana wa tundu la lenzi), sekunde 1/60, ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu). Kwa samaki usahau mhimili: 1/250, na ISO ipande hadi 1600 au zaidi. Chembechembe za ISO zinasameheka, samaki aliyefifia hasameheki. Ukiona mistari myeusi ikikatiza picha, ni taa za LED zilizopunguzwa, zinawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona. Zipandishe hadi mwisho, au tumia 1/50.

18. Samaki hatulii hata sekunde moja.

Usimfukuze. Kangaja wangu hupita pengo lilelile kati ya mawe mawili kila baada ya dakika moja hivi. Naweka fokasi kwenye pengo, nasubiri, nabonyeza anapoingia. Kaa dakika ishirini bila kamera kwanza, ujue njia zake.

19. Naweza kupiga kutoka juu?

Ndiyo, na ndiko rangi zilikojificha. Tatizo ni viwimbi vya maji. Gundisha kioo kwenye mdomo wa kipande kipana cha bomba la PVC kwa silikoni ya akwariamu, kizamishe sentimita moja, na upige kupitia humo.

20. Kwa nini unasisitiza picha ya kila mwezi?

Kwa sababu jicho linalotazama kila siku halioni. Sakafu yangu ina alama tatu za utepe, kila mguu wa mhimili una alama yake. Jumapili ya kwanza ya mwezi, taa zikiwa zimewaka kwa muda wa saa nne, napiga picha zilezile tano: lenzi ileile, mwanga uleule, rangi nyeupe ileile. Rula ya plastiki inaegemea kioo kwa ndani. Usitumie sarafu kama kipimo, shaba iliyomo ni sumu kwa matumbawe, kamba na konokono.

Mwaka jana niliweka picha ya Machi na ya Aprili sambamba. Tumbawe moja la matawi lilikuwa limerefuka, nikafurahi. Kisha nikaona chini kabisa, pale shina linapoungana na jiwe, ukanda mweupe mwembamba, milimita tatu hivi, ambao Machi haukuwepo. Nilikuwa nimekaa mbele ya tumbawe lile kila jioni. Wiki hizo nilikuwa nimeacha kupima kwa uvivu wa mwezi wa kazi nyingi. Nilipopima, alikali ilikuwa 6.2 badala ya 8.5: mpira unaodondosha maji ya chokaa ulikuwa umeziba kwa chokaa yenyewe, matone yakipita nusu. Niliuzibua, nikapandisha alikali pole pole, chini ya dKH 1 kwa siku. Picha ya Juni inaonyesha nyama mpya imeteremka na kuufunika ule ukanda.

21. Ni sawa kurekebisha rangi kwenye programu?

Rekebisha mpaka mchanga uonekane mweupe kama unavyouona, kisha acha. Usipandishe ukolezaji wa rangi. Niliwahi kununua kipande kilichopigwa picha chini ya bluu tupu, kikafika cha kahawia. Kilikuwa kizima, lakini hakikuwa kile nilichoonyeshwa. Ukinunua, omba picha ya pili chini ya taa nyeupe, na ukiuza, itoe kabla hujaombwa.

22. Flashi inawadhuru?

Mchana, taa zikiwaka, sijaona madhara. Gizani inawashtua, na samaki aliyeshtuka huweza kujigonga mwambani. Usiku tumia tochi nyekundu, wengi hawaioni vizuri, na ndio wakati polipu hufunguka kula.

## Hali za pekee

23. Umeme ukikatika?

Hewa kwanza. Matumbawe yanavumilia giza siku moja au mbili, samaki hawavumilii saa nyingi bila maji kuzunguka. Pampu ya hewa ya betri iwe ndani ya nyumba daima. Huna? Chota maji kwa kopo na uyamimine kutoka juu, mara kumi, kila robo saa. Usilishe. Betri ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100, ukitumia nusu yake tu, ina wati-saa 600 hivi: pampu ya wati 20 itazunguka karibu siku nzima. Taa zisubiri.

24. Samaki ana vidoa vyeupe kama chumvi.

Huenda ni Cryptocaryon irritans, mdudu wa kwenye ngozi na matamvua. Dawa ya shaba inamuua, lakini inaua pia matumbawe, kamba na konokono, kwa hiyo isiingie tangi kuu kamwe. Hamishia samaki wote kwenye tangi la pembeni na uliache tangi kuu bila samaki kwa siku 76, vimelea vife kwa kukosa mwenyeji. Njia fupi ni kumtenga kila mgeni kabla hajaingia.

25. Nataka kuchemsha mawe yaliyojaa zoantidi (jamaa laini wa matumbawe) ili nianze upya.

Usichemshe kabisa. Baadhi ya zoantidi na palitoa zina palitoksini, moja ya sumu kali zinazojulikana, na mvuke wake ukivutwa unapeleka nyumba nzima hospitali. Machi 2018 kijijini Steventon, Uingereza, familia moja na wazimamoto waliokuja kuwasaidia walilazimika kutibiwa baada ya tumbawe kutolewa kwenye tangi. Fanya kazi chini ya maji, vaa glavu na miwani, usisugue kwa brashi hewani wala kwa maji moto, na mwenye kidonda mkononi asiguse.

26. Nahama mji. Niwarudishe samaki baharini?

Hapana, hata kama walitoka bahari hiihii. Wamekaa na viumbe wa kutoka mbali na wanaweza kubeba magonjwa yao. Na viumbe wageni wakishaenea si rahisi kuwaondoa: samaki-simba wa Bahari ya Hindi na Pasifiki alionekana Florida mwaka 1985, na leo amejaa Karibea, anakula samaki wadogo wa miamba isiyomjua. Mpe mfugaji mwingine. Madumu mawili yenye maji ya tangi lako, kifuniko, na pampu ya betri ya swali la 23 vinatosha kuwasafirisha kwa saa kadhaa. Matumbawe yasafiri kila moja kwenye mfuko wake. Kabla hujayatoa, piga picha ya mahali kila moja lilipokaa, ili atakayeyapokea ajue lilizoea mwanga gani.